Matundu Mawili ya Hewa

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo saa nane mchana, na saa nane na nusu shemeji alikuwa mlangoni kwangu, analowa, hataki kuingia kwa sababu viatu vyake vina grisi. Ndivyo alivyo. Mtu mzima anasimama mvuani kulinda sakafu ya saruji.

"Ingia bwana, usinitie lawama," nikamwambia.

"Dada, nimekupatia kazi. Boti."

Mimi ni fundi makochi. Miaka ishirini na mbili nashona makochi, viti vya baa, viti vya mabasi, mpaka kiti cha kinyozi. Boti sijawahi hata kupanda. Akanieleza: kuna daktari wa meno ana boti ya matembezi pale yadi anapofanya kazi shemeji. Injini yake inaunguruma na kutetemeka mpaka watu waliomo hawasikilizani. Anataka mvua zikiisha aitoe na familia yake ikiwa kimya. Mtetemo atautengeneza shemeji, maana ndiye fundi injini. Kelele itakayobaki izibwe kwa sponji na raba kwenye kuta za chumba cha injini, na pale yadi hakuna mtu wa kazi hiyo. "Nikamwambia Meneja, mtu ninaye, ni dada wa mke wangu."

Nashukuru. Lakini nisiandike uongo kwenye daftari langu mwenyewe: tangu amuoe mdogo wangu, mwaka wa sita huu, mtu huyu ananichosha. Anapima kila kitu. Hata sukari ya chai anaisawazisha kwa kidole kijikoni. Mdogo wangu nilimlea mimi baada ya mama kufa, nikamsomesha, nikadhani atapata mwanamume mwenye uchangamfu kidogo. Haya, kachagua.

Jumatano, 5 Machi

Nimeiona boti. Nyeupe, nzuri, ina chumba kidogo chenye kochi na meza. Injini ni ya petroli, imekaa ndani ya sanduku kubwa la mbao nyuma ya chumba. Daktari wa Meno alikuwepo. Mwembamba, mikono misafi kuliko sahani zangu.

"Kutwa nasikia mashine ya kutoboa meno," alisema. "Nikipumzika sitaki kusikia mashine. Nataka nikae na mama yangu humu tuongee kama watu."

Shemeji akawasha, akaongeza mwendo. Jamani! Vikombe vilitembea mezani vyenyewe. Daktari akaweka simu yake mezani, ina kitu cha kupima kelele. Tisini na moja.

"Nipeni sabini," akasema. "Sabini ni watu wawili wanaongea mezani. Isipofika sabini naipeleka kwa mafundi wengine."

Meneja wa yadi alikuwa kasimama na mwavuli wake. Hakunitazama mimi, alimtazama shemeji. "Umesikia, fundi?"

Najua kwa nini alimtazama vile. Mwaka jana boti moja ilizama palepale gatini kwa sababu ya bomba la maji ambalo shemeji anaapa mpaka leo kwamba alilikaza. Hakuna aliyeumia, lakini alipewa barua: kosa moja jingine, anarudisha kadi ya geti. Na kadi ya geti kwao si kazi tu. Wanakaa nyumba za wafanyakazi, vyumba viwili ndani ya uzio wa yadi, yeye, mdogo wangu na mapacha wao wa miaka minne. Kadi ikirudi, wana siku thelathini za kuhama. Mji huu hauna yadi nyingine itakayomchukua fundi aliyefukuzwa.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Nimekata sponji.

Jumanne, 11 Machi

Siku ya nne shemeji yuko ndani ya lile sanduku, miguu tu ndiyo inaonekana. Injini inakalia raba nne, kama kochi linavyokalia miguu yake. Kasema mbili zimekufa, kaweka mpya. Sasa ananyoosha shafti, ule mtaimbo unaotoka kwenye injini kwenda kuzungusha propela. Ana vibamba vya chuma vyembamba kama karatasi. Anavipenyeza pale shafti inapoungana na injini, juu, chini, kushoto, kulia, anaandika, analegeza nati, anainua injini unywele mmoja, anapima tena. Nimehesabu mara kumi na saba.

Nikamwambia, "Shemeji, mimi ningekuwa nimeshaziba tukaenda nyumbani."

Akatoa kichwa. "Mtetemo kwanza, dada. Ukiziba kelele ya kitu kinachotetemeka ni sawa na kumfunga mtoto mdomo bila kuangalia kama ana homa."

Jioni akawasha. Vikombe vimetulia mezani. Themanini na nne. Nilimwambia si mbaya. Ukweli ni kwamba ilikuwa kazi safi, lakini mtu huyo ukimsifu atapima na sifa.

Jumatatu, 17 Machi

Nimeweka tabaka la kwanza. Sponji niliyopewa si ya makochi, ni ile isiyoshika moto. Nyuma yake raba nzito, juu yake kitambaa cha fedha. Kila pembe nimeikunja kama ninavyokunja pembe za kochi la harusi. Meneja mwenyewe kainama akatazama, akasema, "Huyu mama anajua kazi." Sabini na saba.

Kisha shemeji akaja na msumeno akatoboa ukuta wangu. Matundu mawili, kila moja upana wa kiganja, moja kulia na moja kushoto. Nilitaka kumzaba kibao.

"We! Unafanya nini?"

"Injini inapumua, dada. Haya ndiyo mapua yake."

"Na kelele itatokea hapohapo. Sauti ni kama maji, inatafuta tundu."

"Itatoka, ndiyo. Lakini haya usiyaguse. Nimekuomba."

Alinyoosha kidole aliposema. Mimi hakuna mtu aliyeninyooshea kidole tangu baba afe.

Alhamisi, 20 Machi

Tabaka la pili. Sabini na tano.

Jumamosi, 22 Machi

Mpira mlangoni, mpira kwenye kifuniko. Sabini na nne.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua usiku kucha. Sabini na nne.

Jumanne, 25 Machi

Sabini na nne! Nimeweka sikio ukuta mzima, shibri kwa shibri. Ukuta kimya. Sakafu kimya. Nikiweka sikio kwenye matundu ya shemeji, injini yote inaniingia kichwani. Nikamwonyesha. Akasema, "Najua," akaendelea kufuta spana zake. Kila siku Meneja anapita na mwavuli: "Ngapi leo?" Tunamjibu. Anaondoka. Shemeji ameanza kukosa usingizi, mdogo wangu kaniambia. Anaamka anakaa kitandani.

Jumatano, 26 Machi

Daktari wa Meno kapiga simu. Mama yake amekuja kumtembelea, Jumapili anataka kumpeleka majini. Ijumaa anakuja na simu yake kupima. Meneja katuita ofisini akasema mteja huyu akiondoka na boti yake, hilo nalo analihesabu kuwa kosa. Alisema akimtazama shemeji tu. Mimi ni kama sikuwepo.

Tulipotoka nikamwambia shemeji, "Tuzibe tundu moja basi."

"Hapana."

"Moja tu."

"Dada, hapana." Akaniacha nimesimama mvuani. Kiburi gani hicho? Nyumba itamtoka kwa sababu ya matundu.

Ijumaa, 28 Machi

Sitasahau namba hii: sitini na nane.

Niandike ilivyokuwa. Saa mbili asubuhi shemeji alikwenda stoo. Nilikuwa nimeshona vijito viwili jana nyumbani, yaani mito midogo ya kuzibia, sponji na raba, duara, vipana kidogo kuliko matundu. Nikavipachika kwa ndani. Kwa nje kuna wavu, huoni kitu. Nilijiambia ni kwa ajili ya kupima tu, dakika kumi, wakishaondoka natoa. Nani ataumia kwa dakika kumi na boti imefungwa gatini?

Daktari akaja. Shemeji akawasha, akaongeza mwendo. Nilisikia mvua juu ya paa la boti. Haki ya Mungu, injini inafanya kazi na mimi nasikia mvua. Sitini na nane. Daktari akacheka kama mtoto, akapiga makofi. Meneja akafunga mwavuli wake, akampa shemeji mkono. Sijawahi kumwona shemeji anatabasamu meno yote.

Walipoondoka akanigeukia. "Dada, umefanyaje?"

"Nimekaza pembe."

"Matundu yapo wazi?"

"Yapo."

Aliniamini palepale, hakwenda kutazama. Mtu anayepima sukari! Kisha akasema neno: "Nitamwambia mke wangu leo ni wewe uliyetuokoa." Sasa hapo ningetoaje? Nikitoa, Jumapili Daktari ataweka simu mezani, itasema sabini na nne, na shemeji atakuwa mwongo.

Jumamosi, 29 Machi

Nilitaka kwenda kuvitoa. Mvua ilikuwa kubwa.

Jumapili, 30 Machi

Nitaandika yote.

Tuliondoka saa nne. Shemeji kwenye usukani, mimi, nimealikwa na Daktari, nyuma yake kwenye benchi. Chumbani Daktari na mama yake, bibi mdogo wa umbo, mcheshi, kaniambia kochi la boti ni laini kuliko la nyumbani kwa mwanawe. Manyunyu yalikuwa yanaanza, wakafunga madirisha. Mlango wa chumba wa upande wa nyuma, upande linapotoka bomba la moshi, ukabaki nusu wazi.

Kweli ilikuwa kimya. Kwa nusu saa nilijisikia mtu mkubwa. Daktari akatoka kupiga picha, akasema mama amejilaza, anasinzia. Tukacheka, tukasema kimya kimembembeleza.

Kisha injini ikaanza kupungua nguvu. Shemeji akasukuma mwendo, ikakohoa. Akatazama vipimo mbele yake. Akasema taratibu, bila kugeuka, "Inabanwa pumzi. Dada, matundu yapo wazi?"

Aliniuliza mara ya pili. Mlango ulikuwa hatua mbili, ningesema neno moja. Nikasema, "Yapo."

Hata dakika tano hazikupita, Daktari aliingia chumbani, tukasikia, "Mama! Mama, amka! Mama!"

Shemeji alizima injini, akaruka. Walimtoa bibi wakiwa wamembeba, kichwa kinaning'inia. Uso umekuwa mwekundu wa ajabu. Nilimshika kichwa, mvua inamnyeshea, nikawa namwita bibi, bibi. Daktari alikuwa anampiga mashavu na kulia. Kisha bibi akatapika mapajani mwangu, akafumbua macho, akauliza tumefika wapi. Sijawahi kushukuru kutapikiwa.

Boti ya yadi ilikuja kutuvuta. Gatini palikuwa na gari, kelele, watu. Wote wakakimbia na bibi. Shemeji naye alikimbia, amembeba miguu.

Mimi nilibaki. Nilifungua sanduku, nikavitoa vile vijito viwili, nikavitia kwenye mfuko wangu wa nyuzi.

Sikupanga. Mikono ilikwenda yenyewe. Nilipokuwa nafunga sanduku Meneja akatokea na tochi. Akamulika matundu. "Yako wazi," akasema. "Basi ni injini."

Jioni mdogo wangu alinieleza kwenye simu alichosema daktari wa hospitali: sumu ya moshi, ile isiyoonekana wala haina harufu. Bibi atapona, ila angebaki humo nusu saa nyingine angekufa usingizini. Na shemeji alikwishanieleza zamani, wiki ile ya msumeno, sikusikiliza: injini ikinyimwa hewa yake huvuta ya chumbani, na chumba nacho huvuta ya nyuma, palepale moshi unapotoka.

Kadi ya shemeji imechukuliwa. Kikao ni tarehe tisa. Asipokuwa na maelezo, ndiyo basi.

Jumatatu, 31 Machi

Mvua. Nimeshona mito miwili.

Jumanne, 1 Aprili

Mvua.

Jumatano, 2 Aprili

Nimekwenda hospitali kumwona bibi. Nilinunua machungwa, nikasimama korido robo saa kabla ya kuingia. Amekaa kitandani, anamtania nesi. Kanishika mkono. "Wewe ndiye uliyenishika kichwa. Nakukumbuka."

Nikamwuliza anajisikiaje.

"Kichwa kinagonga bado. Lakini nikwambie siri, mwanangu asisikie. Huo ukimya ni wake yeye. Mimi masikio haya yamekufa miaka mingi, nasoma midomo tu, ile injini nisingeisikia hata ikiunguruma namna gani. Mimi nilitaka kuona maji tu." Akacheka mpaka akakohoa. "Wamesema fundi ndiye aliyekosea. Masikini. Alinibeba vizuri yule kijana."

Nilisema nina kazi, nikatoka. Machungwa nilisahau kumpa.

Alhamisi, 3 Aprili

Kazi nyingi. Kiti cha kinyozi.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua. Nyuzi nyeusi zimeisha.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimekula kwa mdogo wangu.

Jumapili, 6 Aprili

Sikutoka.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua.

Jumanne, 8 Aprili

Kesho kikao.

Jumatano, 9 Aprili

Kikao kilikuwa ofisini kwa Meneja, saa tatu. Meneja, karani wake, Daktari wa Meno, shemeji, na mimi nimeitwa kama shahidi wa kwamba boti ilikuwa sawa gatini. Mdogo wangu alikaa nje kwenye benchi, mapacha mapajani.

Njiani nilikuwa na maneno yangu tayari. Nitasema sijui mambo ya injini, mimi ni mtu wa sponji. Si uongo. Ndivyo nilivyojidanganya tangu nyumbani mpaka getini.

Meneja akamwambia shemeji ajieleze. Shemeji alisimama. Amekonda, shati linamning'inia. Akatoa karatasi, nyingi, za daftari la mtoto, zimejaa michoro ya penseli. Akasema amechora injini yote kwa kichwa kwa sababu haruhusiwi kuigusa. Ametafuta mahali moshi ulipotokea, hakupaona. Ametafuta kwa nini ilibanwa pumzi, hakupata, kwa sababu matundu yalikuwa wazi na aliyaulizia mara mbili.

"Kwa hiyo?" Meneja akasema.

"Kwa hiyo kosa ni langu. Silioni, lakini ni langu, maana hakuna mwingine aliyegusa injini. Labda hata lile bomba la mwaka jana sikulikaza. Nilikuwa naapa. Sasa sina uhakika tena." Akaitazama mikono yake. "Namwomba Daktari msamaha. Naona mikono yangu haifai kazi ya watu tena."

Pale ndipo nilipoishiwa nguvu. Kumwona anafukuzwa ningeweza kuvumilia, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshajiandaa. Lakini alikuwa anajinyang'anya mwenyewe kitu pekee alichonacho, na aliyemfikisha hapo ni mimi.

Nikafungua mfuko wa nyuzi. Nilikuwa nimevibeba siku zote hizo, sijui kwa nini sikuvichoma. Nikaviweka mezani, vile vijito viwili vya duara.

"Nilivitia mimi," nikasema. "Siku ya kupima. Nikavitoa mimi mlipokwenda na bibi. Aliniuliza mara mbili nikamjibu yapo wazi. Yeye hakukosea popote. Injini yake ni nzima."

Karani akaacha kuandika. Daktari wa Meno alichukua kimoja akakigeuza, akakiweka chini kama kitamuuma. "Mama yangu alikuwa humo," akasema. "Ulikuwa unajua mama yangu yumo."

"Nilikuwa najua."

"Na siku tisa?" Meneja akauliza.

Nikafunga mfuko wa nyuzi. Akaniambia nitoke, nisikanyage yadi tena nikiwa hai. Alipokwisha kunifukuza akamsogezea shemeji kadi yake mezani, taratibu, kwa kidole kimoja. Shemeji hakuichukua mara moja. Alikuwa ananitazama. Si kwa hasira. Alikuwa ananitazama kama anavyotazama vile vibamba vyake, anasoma.

Nje mdogo wangu alikuwa amesimama. Ukuta wa ofisi ni wa mbao nyembamba, alisikia kila neno. Nikasema, "Mdogo wangu." Akawashika mapacha mikono, akapita.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimempigia. Hapokei.

Jumatatu, 14 Aprili

Hapokei. Nimekwenda mpaka uzio wa yadi. Mlinzi akaniambia kwa upole nisimtie matatani.

Alhamisi, 17 Aprili

Simu ya shemeji! Nilisimama niliposikia sauti yake, peke yangu chumbani, nimesimama kama niko mbele ya hakimu.

"Dada, hujambo. Nina swali la kazi. Nikitengeneza njia ya hewa ya mbao, si tundu wazi, njia yenye kona mbili, ndani imevikwa sponji. Hewa itakata kona. Sauti je?"

Nikafikiri. "Sauti itagonga ukuta, itamezwa na sponji. Ikibaki itagonga kona ya pili."

"Ndivyo nilivyowaza. Unaweza kuvika ndani, kona kwa kona, bila mkunjo?"

"Naweza."

"Upana usipungue mahali popote. Nitapima."

"Pima," nikasema. "Pima kila kitu, shemeji." Nikaanza kulia kwenye simu kama mpumbavu. Akangoja mpaka nikamaliza, kisha akanitajia vipimo, nami nikaviandika mkononi kwa sababu karatasi ilikuwa mbali.

Alhamisi, 24 Aprili

Shemeji kaja kunieleza, kasimama mlangoni. Njia mbili za hewa nilizovika zimewekwa. Boti imetoka majini saa mbili nzima, madirisha yamefungwa makusudi, na kifaa cha kupima moshi kimewekwa palepale kwenye kochi. Hakikulia. Kelele ni sabini na moja. Daktari wa Meno akaitazama simu muda mrefu, kisha akaizima akasema inatosha. Bibi anataka kwenda tena Jumapili. Kasema safari hii atakaa nje hata kukinyesha.

Nikamwuliza shemeji, mdogo wangu anasemaje. Akatazama viatu vyake. "Bado, dada." Nikamwomba aingie. Leo aliingia, na grisi yake yote.

Jumapili, 27 Aprili

Mvua zimekatika. Jua kali tangu asubuhi, barabara inafuka.

Mdogo wangu kaja saa tisa, peke yake. Hakunisalimu. Alikaa kwenye kochi la mteja, lile la kijani ambalo halijamalizika, akatazama chumba kizima, cherehani, vitambaa, mpaka macho yakafika kwenye daftari hili.

"Bado unaandika kila siku?"

"Naandika."

"Nisomee zile siku tisa."

Nilimwomba tuongee kwanza. Akasema, "Nisomee, dada."

Nikasoma. Mvua, nimeshona mito miwili. Mvua. Ya hospitali niliisoma yote, na machungwa. Kazi nyingi, kiti cha kinyozi. Mvua, nyuzi nyeusi zimeisha. Nimekula kwa mdogo wangu. Sikutoka. Mvua. Kesho kikao. Haikuchukua hata dakika tatu.

"Ndiyo hizo tu?"

"Ndiyo hizo."

Aliokota kalamu yangu mezani. Sauti ilipomtoka haikuwa ya kugombana, ingekuwa ya kugombana ningefurahi. "Wewe ndiye uliyenifundisha kuandika, kwa kunishika mkono. Leo nitakwambia mimi. Shika kalamu."

Nikashika.

"Tarehe thelathini na moja. Alivaa ovaroli alfajiri, akakaa nyuma ya nyumba mpaka jioni, ili watoto wasijue kwamba baba yao hana pa kwenda. Umeandika?"

"Nimeandika."

"Tarehe mosi, vivyo hivyo. Tarehe tatu alianza kuchora. Karatasi zilipokwisha alichora nyuma ya picha za watoto. Tarehe tano, ulikuja. Ulisema chumvi imezidi. Ulikula, ukaongezewa, na yeye ndiye aliyeosha sahani yako. Andika sahani."

Niliandika sahani.

"Tarehe sita nilianza kufunga vyombo kwenye maboksi, alipolala. Aliamka akayaona, akanisaidia kufunga kamba." Akashika mto wa kochi, akauminya. "Sasa tarehe saba. Hii uiandike vizuri. Alikaa kitandani, akaniuliza: mke wangu, lile bomba la mwaka jana, wewe unaamini nililikaza? Miaka yote sita mtu huyo sijamshika na uongo wowote. Akaniuliza, na mimi nikachelewa kujibu. Nilimjibu ndiyo, lakini nilichelewa, na yeye alisikia. Mpaka leo tunalala na hilo katikati yetu. Andika, dada. Andika kwamba nilichelewa."

Nimeandika.